Kumchoma Insulini Paka Mwenye Kisukari Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya watu wanaoishi na paka mwenye kisukari nchini Uganda, wawe Kampala, Mbale, Gulu au Arua, ambao daktari wa mifugo amewaelekeza wamchome insulini wenyewe nyumbani. Hayachukui nafasi ya daktari aliyempima paka wako. Vipimo vya dawa vinavyotajwa vimewekwa ili uelewe unachofanya na uweze kuuliza maswali sahihi. Mtu asianze matibabu kwa kusoma tu.

Kisukari cha paka hutokana na nini, na dalili zake ni zipi?

Kwa paka wengi ugonjwa huu unafanana na kile ambacho kwa binadamu huitwa kisukari cha aina ya pili: kongosho bado hutoa insulini kiasi, lakini mwili hauitikii ipasavyo, na kadiri siku zinavyopita seli zinazoitengeneza huzidiwa. Walio hatarini zaidi ni paka wanene, paka wenye umri mkubwa, madume waliohasiwa, na paka waliotumia steroidi kwa muda mrefu kwa ajili ya mwasho wa ngozi au pumu. Sindano za homoni za kuzuia mimba, ambazo baadhi ya watu huwachoma paka jike badala ya kuwafunga uzazi kwa upasuaji, nazo zinaweza kuleta kisukari, na hilo ni jambo ambalo wafugaji wengi hawaambiwi.

Dalili kuu ni kunywa maji mengi, kukojoa sana, na kukonda ingawa paka anakula vizuri au hata kupita kawaida yake. Paka wetu wengi hukojoa nje, kwa hiyo wingi wa mkojo hauonekani. Mwenye nyumba hugundua tu kwamba bakuli la maji linakauka haraka, au anaona sisimizi wamejaa pale paka alipokojoa. Wengine huanza kutembea wakikanyagia visigino vya nyuma badala ya vidole, kwa sababu sukari iliyozidi huumiza mishipa ya fahamu ya miguu. Hali hiyo mara nyingi hupungua baada ya wiki au miezi ya matibabu mazuri.

Kliniki walimpima mara moja wakakuta sukari iko juu. Je, hiyo inatosha kuanza sindano?

Peke yake haitoshi. Sukari ya paka hupanda sana akiwa na hofu, na paka aliyefungwa kwenye kiroba, akabebwa kwa boda boda katikati ya msongamano wa magari na kisha akashikwa na watu asiowajua, anaweza kuonyesha kiwango cha juu bila kuwa na kisukari chochote. Daktari makini ataangalia pia kama kuna sukari kwenye mkojo, ataoanisha majibu na dalili za nyumbani, na akiweza ataagiza kipimo cha fruktosamini, ambacho huonyesha wastani wa sukari ya wiki chache zilizopita na hakibadilishwi na hofu ya siku moja. Uliza kama vipimo hivyo vimefanyika. Kumchoma insulini paka asiye na kisukari ni kumhatarishia maisha.

Kwa nini sindano? Hakuna vidonge au dawa ya kunywa?

Dawa za kumeza za paka zipo, ila ni mpya. Marekani iliidhinisha kidonge cha bexagliflozin mwishoni mwa mwaka 2022 na dawa ya maji ya velagliflozin mwaka 2023. Zote mbili huufanya mwili utoe sukari kupitia mkojo, hazimfai kila paka, hasa aliyekwisha kutumia insulini, na zinaweza kuleta sumu ya ketoni (mabaki ya mafuta ambayo mwili umeyachoma) kwenye damu hata pale kipimo cha sukari kinapoonekana kizuri. Kwa hiyo si dawa ya kuagiziwa na ndugu aliye ng'ambo na kuanza kutumia bila daktari.

Metformin, kidonge cha kisukari cha binadamu, haimsaidii paka ipasavyo. Glibenclamide, kidonge kingine cha binadamu, iliyobaki kwenye kabati la babu usimpe kabisa. Kuhusu mitishamba, tunajua kuwa mululuza, mmea wenye majani machungu, unaheshimiwa katika nyumba nyingi na hatuna nia ya kuudharau, lakini paka ni mnyama mdogo ambaye ini lake halichakati vitu vingi ambavyo binadamu huvimudu, na kila siku anayokaa bila insulini akisubiri majani yafanye kazi ni siku inayomsogeza karibu na hatari. Mchanganyiko wowote wenye kitunguu maji au kitunguu saumu ni sumu kwake.

Ni insulini gani inayomfaa paka?

Zinazotumika zaidi duniani ni glargine, ambayo ni ya binadamu, pamoja na mbili zilizoidhinishwa kwa wanyama: ProZinc na Caninsulin. Glargine inapendwa na madaktari wengi kwa sababu hufanya kazi polepole na kwa muda mrefu, na paka huichakata insulini haraka kuliko sisi. Insulini ya kati ya binadamu, yaani inayofanya kazi kwa muda wa kati, kama Insulatard, ni rahisi kuipata katika maduka ya dawa, lakini kwa paka wengi nguvu yake huisha kabla ya saa kumi na mbili kutimia. Daktari anaweza kuichagua pale ambapo hakuna nyingine, naye atataka kumfuatilia paka kwa karibu zaidi. Usibadilishe aina mwenyewe kwa sababu duka limeishiwa, wala usikubali kupewa insulini ya mchanganyiko, kama Mixtard, eti kwa sababu "zote ni insulini".

Kuna jambo la gharama linalosaidia kulifahamu. Chupa ya mililita 10 ya insulini ya binadamu ina yuniti 1,000, nayo paka anayechomwa yuniti 2 asubuhi na 2 jioni hutumia yuniti 4 tu kwa siku, kwa hiyo sehemu kubwa ya chupa itaharibika kabla haijatumika. Kalamu moja ya glargine, yaani kifaa cha kuchomea kilichojazwa dawa tayari, ina mililita 3, yaani yuniti 300, na mara nyingi inatosha. Muulize daktari wako kama unaweza kuvuta dawa kutoka kwenye kalamu hiyo kwa bomba dogo la insulini, kwa sababu kalamu yenyewe hupima kwa yuniti nzima nzima, wakati paka huhitaji mara nyingine nusu yuniti.

Nimesikia insulini nyingine hutoka kwa nguruwe. Mimi ni Mwislamu, nifanyeje?

Ni kweli kuhusu Caninsulin: hutengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe. Glargine haitokani na nguruwe. Hutengenezwa maabara kwa bakteria waliopandikizwa vinasaba, na ProZinc nayo ni insulini ya binadamu iliyotengenezwa kwa teknolojia ya aina hiyo. Kama jambo hili linakusumbua moyoni, mweleze daktari wazi ili achague kati ya hizo, na la hukumu ya dini muulize sheikh wako.

Mama yangu ana kisukari na insulini yake iko kwenye friji. Je, naweza kumchomea paka?

Hapana. Kwanza, aina na kipimo vinaweza kuwa tofauti kabisa. Pili, sindano iliyogusa paka ikirudi kwenye chupa ya mama inaweza kumwambukiza vijidudu. Tatu, dozi za mama zitaisha kabla ya siku yake ya kliniki.

Kwa uzito uleule, usinunue wala usipokee insulini yenye mhuri wa Serikali ya Uganda unaosema haiuzwi. Hiyo imelipiwa kwa ajili ya wagonjwa wa hospitali za umma, wakiwemo watoto ambao bila hiyo hawaishi. Tunawapenda paka wetu, na ndiyo sababu tunawanunulia dawa yao wenyewe katika duka la dawa lenye leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa.

Tofauti ya U-40 na U-100 ni nini, na kwa nini inasisitizwa hivyo?

Hapa ndipo makosa ya kuua hutokea. U-40 maana yake ni kwamba mililita moja ya dawa ina yuniti 40. U-100 ina yuniti 100. Insulini za wanyama, yaani ProZinc na Caninsulin, ni U-40. Glargine ya kawaida na insulini nyingi za binadamu ni U-100. Bomba la sindano nalo limechorwa mistari kwa ajili ya aina moja tu: kwa kawaida bomba la U-40 lina kifuniko chekundu, na la U-100 lina kifuniko cha rangi ya chungwa, lakini usitegemee rangi peke yake; soma maandishi yaliyo kwenye bomba.

Ukivuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40 hadi mstari wa 1, paka atapata yuniti 2.5 badala ya 1. Ukikosea kinyume chake, atapata chini ya nusu ya alichoandikiwa, sukari itabaki juu, na daktari asiyejua kilichotokea anaweza kuongeza dozi. Siku utakapopata bomba sahihi, dozi hiyo iliyoongezwa itamwangusha.

Katika maduka mengi ya dawa nchini utapata mabomba ya U-100 kwa urahisi, na ya U-40 kwa shida. Kabla hujakubali kuanza na insulini ya U-40, hakikisha una mahali pa kupata mabomba yake mwezi baada ya mwezi. Kwa U-100, tafuta bomba la mililita 0.3 lenye alama za nusu yuniti. Bomba la mililita 1 ni kubwa mno kwa paka: upana wa mstari mmoja tu unaweza kuwa tofauti kati ya paka mzima na paka anayetetemeka sakafuni.

Paka hupewa kiasi gani?

Kiasi chake ni daktari anayekiamua. Ili tu usishangae, paka wengi huanza na karibu yuniti 1 kila baada ya saa kumi na mbili, na mwanzoni ni nadra kuzidi yuniti 2. Ni tone dogo sana, na watu wengi wakiliona hudhani limekosewa wakataka kuongeza. Usiongeze. Dozi hubadilishwa baada ya siku kadhaa za kuangalia mwenendo wa sukari, kwa kawaida wiki moja, na hubadilishwa kidogo kidogo. Paka akikaa na sukari ya juu siku mbili tatu zaidi, atakunywa maji na kukojoa. Sukari ikishuka kupita kiasi kwa saa moja, anaweza kufa. Ukiwa na shaka yoyote, elekea upande wa dozi ndogo.

Nimchome saa ngapi?

Mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili zikitenganisha sindano moja na nyingine. Nchi yetu ipo kwenye Ikweta na jua halibadilishi sana saa zake, kwa hiyo familia nyingi huona ni rahisi kushika saa moja asubuhi na saa moja jioni mwaka mzima. Kukosea kwa nusu saa hakudhuru. Kama jioni unachelewa barabarani kutoka kazini, chagua saa mbili na saa mbili, au saa tatu na saa tatu. Saa utakayoiweza kila siku ni bora kuliko saa nzuri unayoikosa mara kwa mara. Nyumba zinazofunga Ramadhani zikumbuke kwamba saa moja jioni ni wakati wa futari na Magharibi, na sindano husahaulika kirahisi katika shughuli hizo.

Ukikosa sindano moja, iache. Subiri ya zamu inayofuata na uchome dozi ya kawaida. Usichome mbili kwa pamoja kufidia.

Namchomaje, hatua kwa hatua?

Mpe chakula kwanza uone anakula. Nawa mikono. Kama insulini yako ni ya maziwamaziwa, ichanganye kama maelezo ya kifurushi yanavyosema. Nyingi huviringishwa taratibu kati ya viganja. Glargine inapaswa kuwa angavu kama maji na haihitaji kuchanganywa. Ikiwa na ukungu au chembechembe, itupe. Vuta dawa, shikilia bomba wima mbele ya mwanga, gonga kwa ukucha ili mapovu yapande, yasukume yatoke, kisha hakiki mstari tena. Povu dogo chini ya ngozi halimdhuru paka, ila linachukua nafasi ya dawa, na katika dozi ndogo kama hii hiyo ni hasara kubwa.

Paka akiwa anamalizia kula, au ametulia mapajani kwako, inua ngozi ya ubavuni kwa kidole gumba na cha shahada hadi ifanye kihema kidogo. Madaktari wengi hupendelea ubavu, upande wa kifua au karibu na paja kuliko ngozi ya shingo, kwa sababu hapo damu inapita vizuri zaidi na dawa hufyonzwa kwa uhakika. Ingiza sindano kwenye msingi wa kihema, sambamba na mwili, tundu la ncha likitazama juu. Usiisukume hadi ikatokea upande wa pili. Sukuma dawa yote, hesabu hadi tano, toa. Badilisha upande kila mara ili ngozi isiwe ngumu mahali pamoja. Sindano hizi ni nyembamba mno, na paka wengi hawaachi hata kutafuna.

Kinachowashinda watu mwanzoni ni mikono kutetemeka. Fanya mazoezi kwa maji kwenye chungwa mpaka mikono izoee, halafu tupa bomba la mazoezi. Mwombe daktari akutazame ukichoma mara ya kwanza palepale kliniki. Ni haki yako, na daktari mzuri hatakuharakisha.

Nadhani dawa imemwagika kwenye manyoya. Nirudie?

Usirudie, hata kama una karibu uhakika. Hujui ni kiasi gani kimeingia. Gusa pale ulipochoma: insulini ina harufu ya kipekee inayofanana na dawa ya kuua vijidudu hospitalini, na manyoya yakiwa na unyevu wenye harufu hiyo, basi sehemu imemwagika. Andika kwenye daftari, umtazame paka kama kawaida, na uendelee na sindano ya zamu inayofuata. Katika manyoya marefu, kunyoa kiduara kidogo kila upande huondoa tatizo hili.

Leo hataki kula. Nimchome?

Muulize daktari wako swali hili siku ya kwanza kabisa, kabla halijatokea, na uandike jibu lake, kwa sababu hutegemea aina ya insulini na hali ya paka. Madaktari wengi huelekeza kupunguza dozi hadi nusu kwa paka aliyekula kidogo, na kuacha sindano kwa paka asiyekula kabisa au anayetapika. Ukishindwa kumpata daktari, usichome. Paka mwenye kisukari asiyekula siku nzima anahitaji kuonwa siku hiyohiyo.

Nitajuaje kuwa sukari imeshuka mno, na nifanye nini?

Paka huanza kwa kuzubaa au kuwa na njaa ya ghafla, kisha hupepesuka kama mlevi, hutetemeka, hulia ovyo, huanguka, na mwisho hupata degedege au kupoteza fahamu. Mara nyingi hutokea saa chache baada ya sindano, lakini huweza kutokea wakati wowote. Kipimo kilicho chini ya takriban 3.5 mmol/L ni hatari hata kama paka anaonekana mzima.

Kama anaweza kumeza, mpe chakula mara moja, hata kile ambacho kwa kawaida unamnyima. Kama amelegea, chovya kidole kwenye asali au maji mazito ya glukosi umpake kwenye ufizi na ndani ya shavu. Usimmiminie kinywani paka aliyezimia, kwa maana kitaingia mapafuni, wala usiweke kidole kati ya meno ya paka mwenye degedege. Rudia kupaka kila baada ya dakika chache huku ukiwa njiani kwenda kliniki. Akizinduka, bado mpeleke, kwa sababu asali huisha nguvu upesi na insulini iliyomo mwilini inaendelea kufanya kazi.

Weka kikopo cha asali au pakiti ya glukosi mahali ambapo kila mtu nyumbani anapajua, na mfundishe kila mmoja, hata mtoto mkubwa, jinsi ya kuipaka. Tunalisisitiza hili kuliko jambo lingine lolote katika majibu haya.

Na hatari ya upande mwingine?

Paka asiyepata insulini ya kutosha kwa muda mrefu huanza kuchoma mafuta ya mwili, na ketoni zikijaa damuni hutapika, huacha kula, hukaukiwa maji, hupumua kwa nguvu, na wakati mwingine pumzi yake hunuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Vijiti vya kupima ketoni kwenye mkojo wa binadamu hufaa kwa paka pia. Ukiona dalili hizi usijaribu kuongeza insulini nyumbani. Anahitaji dripu na uangalizi wa daktari.

Umeme hukatika mara kwa mara kwetu. Insulini itaharibika?

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Iweke katikati ya friji, si mlangoni, na kamwe si karibu na jokofu la barafu. Iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri. Umeme ukikatika usiku, acha mlango wa friji umefungwa. Glargine iliyoanza kutumika inaruhusiwa kukaa nje ya friji kwa siku 28 ikiwa joto halizidi nyuzi 30, na katika sehemu nyingi za Kampala au Kabale ndani ya nyumba hapafiki huko, kwa hiyo giza la usiku mmoja lisikutie hofu. Gari lililoegeshwa juani na basi la mchana kwenda Moroto au Arua ndivyo vinavyoiharibu.

Asiye na friji anaweza kutumia mtungi wa udongo: chupa ndani ya mfuko usiopitisha maji, mfuko ndani ya mtungi mdogo, na mtungi huo ndani ya mkubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji kila siku, kivulini penye hewa. Utafiti uliohusisha shirika la Madaktari Wasio na Mipaka katika kambi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, na kutolewa mwaka 2021, ulionyesha kuwa insulini za binadamu zilizochunguzwa zilibaki na nguvu kwa wiki nne katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Hilo ni la kutia moyo kwa watu wa mikoa ya joto, ingawa ubaridi bado ni bora.

Ale nini?

Nyama na samaki, si wanga. Paka wengi wa hapa hulishwa posho (ugali) iliyochanganywa na mukene (dagaa), au wali na mchuzi, pamoja na maziwa. Hivyo ndivyo vinavyopandisha sukari. Mpe mukene waliochemshwa bila chumvi, ngege (sato) au sangara aliyetolewa miiba, kuku, mayai yaliyopikwa, na nyama za ndani, hasa moyo, ambao una taurini kwa wingi, kirutubisho ambacho paka hawezi kuishi bila kukipata. Maini yawe kidogo. Chakula laini cha kopo kwa kawaida kina wanga mdogo kuliko kile kikavu cha punje.

Lakini usibadilishe chakula ghafla paka akiwa tayari anachomwa insulini. Ukimwondolea posho leo na kuendelea na dozi ileile, sukari inaweza kushuka mno kesho. Mwambie daktari kwanza. Na paka mnene asishindishwe njaa ili akonde, maana ini lake huweza kujaa mafuta na kushindwa kufanya kazi.

Je, nipime sukari mwenyewe?

Ukiweza, ndiyo, na kwa maoni yetu ni jambo linalofaa kugharamiwa kabla ya mengine mengi. Damu hupatikana ukingoni mwa sikio: lipashe joto kwa kitambaa, weka pamba nyuma yake, choma pembeni, na tone dogo litatosha. Mashine za binadamu mara nyingi husoma chini kidogo ya kiwango halisi cha paka, lakini zinafaa kuonyesha mwelekeo iwapo utatumia ileile siku zote na kumwambia daktari ni ipi. Angalia pia kizio: kama yako huonyesha mg/dL, gawanya kwa 18 kupata mmol/L.

Sukari ikiwa chini ya 10 mmol/L kabla ya sindano, na wewe bado ni mgeni wa kazi hii, usichome mpaka uzungumze na daktari. Mara kwa mara atakuomba upime kila baada ya saa mbili kuanzia sindano ya asubuhi hadi ya jioni, ili aone sukari inashuka hadi wapi. Kwa kawaida hutaka sehemu ya chini kabisa iwe kati ya takriban 4.5 na 8. Asiyeweza kupima damu aandike kila siku maji anayokunywa paka na hamu yake ya kula, na kila wiki uzito wake.

Tuko wengi nyumbani. Nani achome?

Mtu mmoja kwa zamu moja, na karatasi ukutani juu ya friji yenye tarehe, saa, dozi na sahihi. Anayechoma aandike palepale. Baba akichoma saa moja kamili, na msaidizi wa nyumbani akachoma dakika kumi baadaye akidhani hakuna aliyekumbuka, paka amepata dozi maradufu. Likitokea, mpe chakula na umpigie daktari papo hapo bila kulaumiana. Lawama huwafanya watu wafiche, na kuficha ndiko kunakoua. Ukisafiri kijijini kwa Krismasi au Idi, mwachie kazi hii mtu ambaye umemwona akichoma kwa macho yako, ama umpeleke paka alazwe kliniki.

Amening'ata nilipokuwa namchoma.

Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya. Kichaa cha mbwa kipo nchini, na paka pia hukipata na kukiambukiza. Hakikisha chanjo yake ya kila mwaka haijapitwa na wakati.

Sindano zilizotumika nizitupe wapi?

Ndani ya chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, kama ya dawa ya kufulia, kisha uipeleke kliniki ikijaa. Usizitie kwenye mfuko wa taka: vijana wanaochambua taka hufanya hivyo kwa mikono mitupu. Usizichome moto uani, wala kuzitupa chooni. Tumia kila sindano mara moja tu.

Je, anaweza kupona?

Wapo paka ambao, wakianza insulini mapema na chakula kisicho na wanga, hufika mahali kongosho lao likatosha lenyewe na sindano zikaachwa, mara nyingi ndani ya miezi ya mwanzo. Wengine huchomwa maisha yao yote na kuishi vizuri. Kwa sababu hiyo kuwa macho hasa pale mambo yanapokuwa mazuri: maji yakipungua na uzito ukirudi, huenda dozi ya zamani sasa ni kubwa mno. Usiache sindano ghafla mwenyewe. Daktari ataipunguza kwa hatua. Hata akishaachishwa, kisukari huweza kurudi, hasa akipewa tena steroidi au akinenepa.

Daktari wa wilaya yetu hutibu ng'ombe na mbuzi tu. Nifanyeje?

Mwendee hata hivyo, ukihakikisha amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Msingi wa ugonjwa anaufahamu. Anachokosa mara nyingi ni uzoefu wa paka na vifaa vidogo. Mwombe aombe ushauri kwa wenzake wa kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Makerere au kliniki binafsi za Kampala, jambo linalowezekana kwa simu na kwa picha za daftari lako. Nenda na vitu hivi: uzito wa paka, orodha ya dawa zote alizowahi kupewa, kifurushi cha insulini chenyewe, na bomba unalotumia, ili alinganishe maandishi ya bomba na ya chupa kwa macho yake kabla hajakuandikia dozi.